Nusu ya Gogo ni Maji

Mpishi wa shule moja katika eneo la Kwanza, Trans Nzoia, anauliza: jiko ni jipya, lina bomba la moshi, fundi alilijenga vizuri, mbona kila muhula wa pili jikoni hakukaliki? Serikali inahimiza shule zihamie gesi, lakini githeri ya leo bado inaivishwa kwa kuni. Jibu liko kwenye kalenda. Muhula wa pili hufunguliwa mvua za Trans Nzoia zimekolea, na lori linaleta mikaratusi iliyoangushwa juzi.

Tazama ncha ya gogo la namna hiyo likiwa motoni: linatoka povu na kulia tsss. Hayo ni maji. Karibu nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji, na kila kilo ya maji hayo hula megajuli 2.6 hivi hadi igeuke mvuke. Kwa gogo la kilo 10 hiyo ni megajuli 13, na kuni kavu zilizomo zina kama 90. Wengi huishia kwenye hesabu hii. Hasara kubwa iko kwingine, na hadithi yake ndiyo tamu.

Mwali si kuni zinazowaka. Ni gesi. Ukuni ukipita nyuzijoto 200 huanza kuvunjika, na zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake mkavu hupaa kama gesi na mvuke wa lami, ambavyo huhitaji kama nyuzijoto 600 viungue vyote. Zima mshumaa, kisha sogeza kiberiti kwenye moshi unaopanda: moto utaufuata moshi na kushuka hadi kwenye utambi. Michael Faraday aliwaonyesha vijana wa London mchezo huo katika mihadhara yake ya Krismasi ya 1860.

Sasa panda matatu pale Kitale; gari ndilo gogo. Abiria wa maji wamekalia nusu ya viti na hawalipi nauli. Lazima washushwe kwanza, mmoja mmoja, na hakuna sehemu ya gari inayopita sana nyuzijoto 100 mpaka abiria wake wa maji washuke. Abiria wa gesi, wenye pesa zao, wanaona gari linajikokota, wanaruka dirishani kabla kondakta hajawafikia. Ule moshi unaomliza mpishi ni nauli iliyotoroka; nyingine inaganda bombani, nyeusi, kama lami.

Kondakta ni hewa, na wanatakiwa wawili. Hewa ya chini, inayopitia penye majivu, hulisha makaa. Inayoingia juu ya kuni huchoma gesi; wataalamu huiita hewa ya pili, jina lisilosema lolote, basi mimi naiita hewa ya mwali. Ikizidi, inapoza moto. Na huzidi mara nyingi, maana magogo marefu yanachomoza nje ya jiko na mlango haufungiki. Yakate mafupi, zoa majivu, kisha punguza tundu la hewa ya mwali kidogo kidogo ukitazama bomba mpaka moshi karibu usionekane. (Usizibe kabisa: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.)

Maji hutokea kwenye ncha kwa urahisi kuliko kwenye ganda, kwa hiyo kipande kifupi kilichopasuliwa hukauka upesi. Zipange kuni juu ya mawe, mabati juu, pembeni wazi, hadi maji yawe chini ya asilimia 20. Kiangazi chetu ni Desemba hadi Februari. Kuni za Mei, basi, ziingie shuleni Novemba, wakati ambapo mhasibu bado hajaona karo ya mwaka mpya.