Mawingu ya Kabare kwa rangi nyeusi na nyeupe



Kila juma tunapokea foto kutoka kwenu: shamba la maharagi lililostawi, mihogo iliyoanikwa, ziwa Kivu likionekana toka juu ya Kadutu. Kwenye telefoni foto ni nzuri kabisa. Ikipita kwenye mashine ya fotokopi, ambayo ina wino mmoja tu mweusi, udongo unabaki lakini mbingu inapotea. Juu ya shamba tunaona karatasi tupu, kama vile mama yule analima mahali pasipo na anga. Wengine wanailaumu mashine. Mashine ina makosa yake mengi, lakini hili si lake.

Sababu ni hii. Jicho letu hutenganisha wingu na anga kwa rangi: huyu mweupe, yule bluu. Lakini kwa nguvu ya mwanga, bluu ya mbingu na weupe wa wingu mara nyingi hukaribiana sana. Ukiondoa rangi, vyote viwili vinakuwa kijivu kimoja chepesi. Wapiga picha wa zamani waliteseka na jambo hili kuliko sisi. Vioo walivyotumia katika miaka ya 1850 vilipokea bluu kwa nguvu mno, hata mbingu ikatoka nyeupe tupu. Mfaransa Gustave Le Gray alitatua shida kwa kupiga picha mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu, kisha akaziunganisha kwenye karatasi moja.

Baadaye walipata njia rahisi zaidi: kioo cha rangi mbele ya kamera. Kioo cha njano hupunguza bluu kidogo, na chekundu huizuia karibu yote, basi anga inatoka nyeusi na wingu linabaki jeupe. Tarehe 10 Aprili 1927, Mmarekani Ansel Adams alipanda mlima huko Yosemite, California, kupiga picha ya jabali kubwa liitwalo Half Dome. Alikuwa amebakiza vioo viwili tu vya kupigia. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha njano, akaona moyoni kwamba hakitaonyesha ukali wa jabali lile. Kwa cha mwisho akaweka kichujio chekundu. Mbingu ikatoka nyeusi, na picha hiyo ndiyo ilimjulisha kwa watu.

Sisi hatuna vioo vya Adams, lakini kazi ni ileile. Kwenye telefoni, gusa kwa kidole sehemu nyeupe kabisa ya wingu. Picha nzima itafifia kidogo, usiogope. Telefoni nyingi zitaonyesha alama ndogo ya jua. Ivute chini mpaka uone mikunjo ya wingu. Piga. Kisha ingia mahali pa kurekebisha picha, punguza mwanga wa rangi ya bluu kama telefoni yako inakubali, halafu geuza kuwa nyeusi na nyeupe. Ambaye telefoni yake haina hayo anaweza kushika mbele ya lensi kipande safi cha plastiki nyekundu inayopitisha mwanga, kisha ageuze picha. Watoto wa darasa letu walitumia karatasi za bonboni, nasi tulishangaa jinsi zilivyofaa.

Acha ardhi kidogo tu chini, theluthi moja au hata chini ya hapo. Asubuhi jua likiwa upande wa Rwanda, mpe mgongo na utazame Kahuzi: hapo bluu ni nzito na mlima umeangazwa vizuri. Jioni jua linaangukia nyuma ya milima, na kingo za mawingu zinawaka kama nyuzi. Usilenge kamera kwenye jua lenyewe, macho hayauzwi sokoni. Tena, kwa hali tunayoijua sote, usilenge kizuizi, askari, daraja, bandari wala uwanja wa ndege. Wingu halikuulizi kibali, lakini aliyesimama chini yake anaweza kukuuliza. Kuhusu kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, hatuna mengi ya kusema: vumbi na moshi wa kuchoma mashamba vinafanya mbingu iwe kama blanketi iliyochakaa. Ngojeni mvua zirudi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike.

Watu wa sayansi walihesabu radi za dunia nzima kwa miaka mingi kwa kutumia satelaiti, wakatoa matokeo mwaka 2016. Mahali pa kwanza ni ziwa Maracaibo, nchini Venezuela. Mahali pa pili duniani ni Kabare. Ndiyo, Kabare yetu hii, ambako tunaenda kununua viazi. Walihesabu miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Basi tunaishi chini ya mojawapo ya anga zenye radi nyingi kuliko zote, na watoto wetu wanatembea chini yake kila siku wakitoka masomo.

Na tunajua yanayofuata. Radi ikiua ng'ombe au mtoto, kabla ya matanga kwisha jina la mama mzee fulani limeanza kunong'onwa. Mara nyingi ni mjane, anaishi peke yake, aligombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba. Wanasema yeye ndiye aliyeituma. Wako waliofukuzwa, wako waliopoteza zaidi ya nyumba. Kumwambia mtoto «hizo ni imani tu» hakusaidii, kwa sababu umemnyang'anya maelezo bila kumpa mengine.

Ndiyo maana tulianza kupiga mawingu na darasa la sita. Kanuni ilikuwa moja: mahali pamoja, fremu moja, paa la shule na mkaratusi mmoja chini ya picha kama kipimo, na foto moja kila dakika kumi. Kwa rangi watoto walitazama majani na nguo za wapita njia. Kwa nyeusi na nyeupe hakukuwa na kingine cha kutazama isipokuwa umbo na kivuli, na hapo wingu likaanza kusema.

Foto ya kwanza, kabla ya adhuhuri: vipande vidogo juu ya mlima, kama pamba. Chini yao pamenyooka kama pamekatwa kwa kisu, kwa sababu hewa yenye unyevu inayopanda kutoka kwenye miteremko iliyopata joto inapoa na kuwa matone ikifika kimo kilekile. Foto ya tatu: kichwa kimevimba kama koliflawa, kingo kali na nyeupe. Ya tano: tumbo limekuwa jeusi, maana wingu ni nene sana na mwanga haupiti. Ya saba: kichwa kimegonga dari ya anga, hakiwezi kupanda tena, kinatandaa pembeni kama fuawe la mhunzi. Huko juu ni barafu tupu. Vipande vya barafu vinagongana na kusuguana, vinagawana umeme, mpaka umeme huo unatafuta njia ya kutoka. Wingu hili walimu wanaliita kumulonimbusi. Majina haya yanatokana na kazi ya Luke Howard, mtengeneza dawa wa London aliyeyapanga mawingu kwa Kilatini mwaka 1802.

Tulipanga foto saba kwenye karatasi moja, tukatoa fotokopi. Msichana mmoja alizitazama muda mrefu, kisha akauliza: «Mwalimu, sasa yule mama mzee anaingilia kwenye foto ya ngapi?» Hakuna aliyecheka. Tulimwambia aitafute mwenyewe. Alirudi nayo nyumbani, na tumesikia kwamba baba yake ameibandika ukutani.

Karatasi hiyo inafaa pia kwa jambo la haraka zaidi. Ukiona umbo la foto ya tano, kazi ya shambani imekwisha. Ya saba usiingoje nje. Ukiona mwale, hesabu: sauti hutumia karibu sekunde tatu kwa kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko chini ya kilomita 10, nayo inaweza kukufikia hata kama juu yako hakuna mvua. Ingia nyumba imara au gari lililofungwa. Usijikinge chini ya mti, hasa mkaratusi uliosimama peke yake. Usishike jembe begani, usibaki majini, chomoa telefoni kwenye chaji. Toka tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na tafadhali, mpiga picha wa chama hiki asife akitafuta foto ya mwale: wingu hupigwa likiwa mbali, au kwa kupitia mlangoni ukiwa ndani kabisa.

Tunahitaji karatasi kama hiyo kutoka vilima vingine, maana mawingu ya upande wa ziwa hayafanani na ya milimani: juu ya maji mvua kubwa mara nyingi huja usiku, wakati wavuvi wa sambaza wako kazini. Wamama wa pwani, mkiamka mapema mtakuta mabaki yake bado yamesimama mashariki. Leteni foto nne au zaidi za wingu moja, mkiandika mahali na saa nyuma ya karatasi. Zitakazotufikia kabla ya Alhamisi tutazitoa kwenye jarida la juma lijalo, na safari hii mbingu itaonekana.