Je, Wajua? Gitaa la Butere Kwenye Kompyuta

Je, wajua kwamba kompyuta yako hulihesabu gitaa kuwa kelele? Programu za mikutano kama Zoom ziliundwa kubeba maneno. Uzi ukiendelea kulia, programu hudhani ni feni au mashine ya posho, ikaunyamazisha. Ukifundisha gitaa mtandaoni kutoka Butere, mwanafunzi aliye Doha anasikia "ti!", basi.

Je, wajua kwamba dawa yake haiuzwi dukani? Fungua mipangilio ya sauti ya Zoom, washa sauti halisi ya wanamuziki, kisha zima kichuja kelele na kifuta mwangwi. Kifuta mwangwi kikizimwa, nyote wawili vaeni visikizi, la sivyo sauti itawarudia. Viwe vya waya, hata vile vya bei ya chini: vya Bluetooth huchelewesha sauti.

Je, wajua kwamba George Mukabi wa Kisa, hapo jirani na Butere, angepata taabu na programu hizi? Alifariki 1963, akaacha mtindo wa omutibo: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinachezesha wimbo, na pembeni chupa ya soda inagongwa. Kichuja kelele huichukulia chupa hiyo kama mtu anayebofya kibodi, kikaifuta. Mwalimu wa omutibo asiyekizima anafundisha nusu ya omutibo.

Na hiyo besi? Uzi mnene hutetema mara 82 kwa sekunde. Simu ya kawaida hupitisha kati ya 300 na 3,400 tu! Unachosikia ni sikio lako linalojazia pengo.

Je, wajua kwamba maiki haielekezwi kwenye tundu la gitaa? Hapo huvuma tu. Ielekeze kwenye freti ya 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30.

Kuna mngurumo? Umeme wa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, na mtetemo wake maradufu wa 100 unakaribiana na noti ya G ya uzi mnene, yenye 98. Chomoa chaja ya kompyuta usikilize tena. Mara nyingi mchawi ni huyo.

Mvua ya alasiri juu ya mabati haina programu ya kuinyamazisha. Fundisha asubuhi.

Je, wajua kwamba sauti ya muziki ya kilobiti 96 kwa sekunde hula kama MB 43 tu kwa saa? Anayemaliza bando ni video. Mtandao ukilegea, zima picha.

Kupiga pamoja na mwanafunzi aliye mbali? Sahau. Ucheleweshaji ukizidi milisekunde 30 hivi, mdundo huyumba. Piga wewe, kisha naye ajibu.

Kabla ya kununua chochote, ingia kwenye darasa lako mwenyewe kwa simu, mwenzako apige gitaa chumba cha pili, nawe usikilize anachosikia mwanafunzi.