Kunyonyesha na afya yako mama: kinachobaki baada ya mtoto kuacha ziwa

Siku ya kliniki tunashughulika na mtoto. Tunampima uzito, tunamchoma chanjo, tunaangalia kadi yake. Wewe mama unapata dakika mbili za mwisho, na ndani ya dakika hizo ndipo wengi husema: "Sista, huyu mtoto ananimaliza." Mwingine ameambiwa na mama mkwe kwamba kunyonyesha muda mrefu kunakausha damu na kulainisha mifupa. Mwingine anataka kumwachisha mtoto wa miezi minane kwa sababu anaogopa kumbemenda.

Leo tukuzungumzie wewe. Faida za maziwa kwa mtoto umeshazisikia mara nyingi.

Je, ni kweli kunyonyesha kunammaliza mama?

Uchovu ni wa kweli, sitakudanganya. Kutengeneza maziwa kunatumia nguvu nyingi, kiasi cha kalori 500 za ziada kwa siku katika miezi sita ya kwanza. Huo ni karibu mlo mmoja zaidi ya ule uliozoea. Mama anayenyonyesha akila mara mbili kwa siku kwa sababu kazi za nyumbani zimembana, lazima aishiwe nguvu. Hapo anayehitaji kusikia somo ni familia nzima, siyo wewe peke yako.

Kuhusu mifupa, kuna ukweli nusu. Ukinyonyesha, mifupa hupoteza madini yake kidogo, kama asilimia 3 hadi 5. Lakini mtoto akishaacha ziwa mwili huyarudisha ndani ya miezi michache. Kula dagaa pamoja na mifupa yao, maziwa, mtindi na ufuta ukivipata.

Kuhusu damu, mambo ni kinyume na tunavyoambiwa. Lile tumbo linalokata mtoto anaponyonya siku za mwanzo ni mfuko wa uzazi unaojikaza, na kujikaza huko kunapunguza damu inayotoka baada ya kujifungua. Kisha hedhi huchelewa kurudi kwa wengi wanaonyonyesha usiku na mchana, kwa hiyo damu ambayo ungeipoteza kila mwezi inabaki mwilini.

Na kubemenda? Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachoweza kumdhoofisha mtoto ni kuachishwa mapema kwa sababu mimba nyingine imeingia bila kupangwa. Njoo tuzungumze kuhusu uzazi wa mpango. Zipo njia, kama kipandikizi, ambazo hazikuzuii kunyonyesha.

Saratani ya matiti na ya ovari

Mwaka 2002 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 47 kutoka nchi 30, zenye wanawake takriban 50,000 waliokuwa na saratani ya matiti na wengine karibu 97,000 wasiokuwa nayo. Waliona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha ilipunguza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 4.3. Hii ni mbali na punguzo linalotokana na kuzaa kwenyewe.

Asilimia nne inaonekana ndogo, lakini miezi inajumlishwa. Ukimnyonyesha wa kwanza miezi 18 na wa pili miezi 20, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu. Hatari ya saratani ya ovari, yaani ile ya mifuko ya mayai, nayo ni ndogo kwa wanawake walionyonyesha.

Sababu zake hazijulikani zote, ila baadhi zinaeleweka. Titi linapotengeneza maziwa, chembe zake hukomaa na kuwa ngumu zaidi kugeuka saratani. Pia unapokaa miezi bila hedhi, matiti na ovari hupumzika na homoni zinazopanda na kushuka kila mwezi.

Lakini kupunguza hatari siyo kuiondoa. Hili nililijifunza kwa uchungu.

Uvimbe ambao haukuwa maziwa

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinionyesha uvimbe kwenye titi la kushoto. Mtoto wake alikuwa na miezi saba. Niliushika, nikaona ni maziwa yaliyoganda, kama ilivyo kwa wengi. Nikamwambia akande, aendelee kunyonyesha, arudi baada ya wiki moja. Sikuandika popote. Ulikuwa msimu wa mavuno, wiki ikawa mwezi. Aliporudi ilikuwa imepita miezi minne na uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa yai. Tukampa rufaa, wakachukua kinyama wakapima. Ilikuwa saratani.

Nilipomuuliza kwa nini hakurudi mapema, alisema alijua mama anayenyonyesha hapati saratani. Maneno hayo aliyasikia kwetu, kwenye somo la asubuhi, pale kwenye benchi. Aliondolewa titi, akapata dawa, na leo bado anahudhuria hospitali. Tangu wakati huo sisemi tena "kunyonyesha kunazuia saratani" halafu nikanyamaza.

Basi shika hili. Uvimbe mwingi kwa mama anayenyonyesha kweli ni wa kawaida: mrija umeziba, au titi limevimba kwa uambukizo. Huo huuma, hubadilika mtoto akinyonya, na hupungua ndani ya siku chache. Endelea kunyonyesha, weka kitambaa chenye maji baridi, meza paracetamol, usilifinye titi kwa nguvu. Ukiwa na homa isiyoshuka ndani ya saa 24, nenda kituoni, huenda unahitaji antibaiotiki au kuna jipu.

Uvimbe ambao umebaki palepale baada ya wiki mbili, hata kama hauumi, lazima uonwe na daktari. Hasa usiouma. Vilevile nenda ukiona ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ghafla, inatoka damu na chuchu haina kidonda, kuna tezi kwapani, au wekundu haukuondoka hata baada ya kumaliza dawa. Kipimo cha ultrasaundi hakimdhuru mtoto wala maziwa, na huhitaji kumwachisha ndipo upimwe. Ukiambiwa "subiri mpaka umalize kunyonyesha", omba rufaa.

Kisukari, presha na moyo

Wakati wa ujauzito mwili hujiwekea mafuta na sukari hupanda kidogo ili mtoto alishwe. Kunyonyesha ndiyo njia ya mwili kutumia akiba ile, kwa kuwa sukari na mafuta ya kwenye damu yako ndiyo yanayoingia kwenye maziwa. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia wanawake weusi na weupe kwa miaka 30. Wale walionyonyesha zaidi ya miezi sita, ukijumlisha watoto wao wote, hatari yao ya kupata kisukari cha aina ya pili ilikuwa karibu nusu ya wale ambao hawakunyonyesha kabisa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, wenye wanawake karibu milioni 1.2 kutoka nchi mbalimbali, uliona kwamba magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalipungua kwa asilimia 11 kwa walionyonyesha.

Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba kunyonyesha peke yake ndiko kulikofanya kazi yote, maana wanyonyeshaji wanaweza kutofautiana na wengine kwa chakula au kipato. Watafiti hujaribu kuondoa tofauti hizo kwenye hesabu, na faida bado huonekana.

Kama ulipata kisukari cha mimba, presha ya mimba au kifafa cha mimba, sehemu hii inakuhusu kuliko yeyote. Sukari na presha zikishuka baada ya kujifungua, wengi hudhani yamekwisha. Hayajaisha. Hatari ya kisukari, presha na kiharusi hubaki juu kwa miaka mingi. Nyonyesha kadiri uwezavyo, na pima sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Presha ipimwe kila unapokuja kliniki na mtoto. Mashine ipo pale pale, wewe sema tu.

Kama mazingira yanakubana

Ushauri haujabadilika: maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha vyakula vya nyongeza huku ukiendelea kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Kwa mama aliyeajiriwa, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 kwa mapacha, na hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha wakati wa kazi. Wengi hawajui kuhusu saa hizo mbili, au wanajua na wanaogopa kuomba. Anayeuza mboga sokoni hana pa kuomba, na kwake kukamua maziwa asubuhi ni msaada mkubwa. Mama anayeishi na VVU akitumia dawa zake vizuri naye ananyonyesha. Fuata ratiba uliyopewa kliniki.

Kama hukuweza kunyonyesha, au maziwa yalikatika mapema, usibebe lawama. Mwendo wa kila siku, uzito unaokufaa, kupima presha na sukari, kuyachunguza matiti yako mwenyewe: yote hayo yanakulinda wewe vilevile.

Na ukimwonyesha muuguzi uvimbe wowote, mwombe aandike kwenye kadi: titi gani, sehemu gani, tarehe gani, na siku ya kurudi. Asipoandika, mpe kalamu.