Mauzo na Mauziano: Katika Kulinganisha Masoko ya Hisa ya Nairobi na Dar es Salaam

Neno mauzo hutumiwa katika habari za masoko ya hisa kwa maana mbili tatu zisizopatana, na aghalabu msomaji huachwa ajichagulie. Soko likiwa moja, hasara yake ni ndogo. Lakini yanapolinganishwa masoko ya nchi mbili kwa muda wa miaka mingi, kosa la neno hugeuka kuwa kosa la hesabu.

Soko la Nairobi liliundwa mwaka 1954, katika utawala wa Waingereza, likiwa chama cha madalali. Lile la Dar es Salaam liliandikishwa 1996, likaanza kazi Aprili 1998 kwa kampuni moja tu, TOL, itengenezayo hewa za viwandani. Kwa hiyo ulinganisho hauwezi kuanza kabla ya 1998.

Shilingi nayo yadanganya. Zilipotolewa mwaka 1966 mahali pa shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zilikuwa sawasawa. Kufikia 1998 moja ya Kenya ilipata kama 11 za Tanzania, na mwaka 2018 zaidi ya 20. Jina ni moja, kitu si kimoja. Aandikaye kwamba mauzo ya Dar es Salaam yamekuwa maradufu kwa shilingi hajasema bado kama biashara imekua au sarafu imepungua. Kubadili yote kuwa dola husaidia, mradi kila mwaka upewe kiwango chake, si kiwango cha leo.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya thamani ya soko na thamani ya mauzo. Ya kwanza ni bei ya hisa mara hisa zote zilizotolewa, ziuzwe zisiuzwe. Ya pili ni fedha iliyolipwa kwa hisa zilizobadili mikono katika muda uliotajwa. Shamba la minazi laweza kuwa na thamani kubwa mwaka mzima pasipo kutokea mnunuzi. Kampuni za Kenya ziliingia pia katika soko la Dar es Salaam, Kenya Airways mwaka 2004 na East African Breweries mwaka 2005, na thamani yao yote ikatiwa katika jumla ya soko hilo, ingawa hisa zao ziliuzwa huko kwa nadra mno. Basi atakaye kujua wepesi wa soko, kwa kugawanya mauzo ya mwaka kwa thamani ya soko, hana budi kuziondoa kwanza kampuni za nje. Asipoziondoa, Dar es Salaam itaonekana zito kuliko lilivyo.

Yako pia mauzo yasiyohesabiwa kabisa. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom. Hayo ni mauzo kwa Kiswahili cha kila mtu, lakini hayamo katika mauzo ya soko, ambayo huanza pale mnunuzi wa kwanza anapomwuzia wa pili. Hatifungani za Serikali, kinyume chake, humo sokoni, na katika miaka hii zimezidi hisa mara kadhaa kwa Nairobi na Dar es Salaam pia. Zikichanganywa na hisa katika tarakimu moja, tarakimu hiyo haifai kitu.

Mwisho ni umbo la neno lenyewe. Mauzo hutazama upande wa muuzaji, na mwenzake ni manunuzi. Wako waliojumlisha pande zote mbili, na katika baadhi ya masoko duniani hesabu ilifanywa hivyo hasa, biashara moja ikawa mbili. Mauziano, kutoka kitenzi cha kutendeana, huwafunga muuzaji na mnunuzi katika tendo moja lihesabiwalo mara moja. Nalo si neno la kubuniwa, maana mikataba ya viwanja Tanzania inalo siku nyingi. Madalali wamekwisha kuzoea mauzo, na mazoea hayang'olewi kwa makala. Basi angalau atumiaye mauzo na ataje: ya hisa au ya hatifungani, kwa shilingi ya nchi gani, na ya mwaka upi.