Kunde, Karakara na Lugha ya Mkulima

Upo ugonjwa wa karakara unaolifanya tunda kuwa gumu mithili ya mti. Ganda hunenepa na kupasuka, nyama ya ndani hupungua, nayo majani hujikunja na kutoka mabaka ya manjano. Wakulima wa nyanda za juu nchini Kenya wanaufahamu vyema kwa macho. Lakini wengi niliowauliza chanzo chake walinijibu kuwa ni ukungu, au baridi. Basi hununua dawa ya ukungu, wakapuliza, na fedha zikapotea bure.

Chanzo hasa ni virusi. Miongoni mwavyo kimo kimoja kilichopewa jina kutokana na mmea mwingine kabisa: kirusi cha batobato la kunde. Kimethibitishwa katika karakara humu nchini, na Brazil vilevile. Hivyo, kunde zinazopandwa kando ya bustani, au baina ya safu za karakara, zaweza kuwa ghala lake.

Mchukuzi ni kidukari, yule mdudu mdogo, laini, akaaye kwa makundi chini ya majani. Desturi yake yastahili kuelezwa. Hutua, hulichoma jani ili kulionja, na lisipomfaa huruka kwenda jingine. Kuonja huko huchukua sekunde chache tu, nazo zatosha kubeba kirusi na kukiacha katika mmea wa pili. Ndiyo maana dawa ya wadudu haifui dafu: kidukari huwa amekwisha kuambukiza kabla sumu haijamuua. Binadamu naye ana mkono wake, kwani kisu kilichopogoa mmea mgonjwa hupelekwa kwa mzima bila kusafishwa. Isitoshe, katika kunde kirusi hiki huweza kupitia kwenye mbegu.

Niliwahi kuwasikia majirani wawili wakizozana, mwenye karakara akimtaka mwenye kunde azing'oe. Alikuwa na hoja, ila nusu. Vidukari huruka pande zote mbili, na ilhali kunde huvunwa baada ya miezi michache, karakara hukaa miaka. Bustani kongwe yenye mimea migonjwa isiyong'olewa ndiyo huweza kukihifadhi kirusi msimu hadi msimu, kisha ikamwambukiza huyo huyo anayelaumiwa.

Hapa ndipo mwanaisimu anapojitosa. "Virusi" lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kale ni sumu. Waswahili walipolipokea walisikia kiambishi vi-, wakaliweka katika ngeli ya KI-VI na kuzalisha umoja, "kirusi". Wapo wenzangu wanaolikemea umbo hilo. Mbona hawalikemei "kitabu", ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, nasi tukapata "vitabu"? Kwa maoni yangu "kirusi" ni neno halali, tena lenye manufaa: anayelitamka hupata taswira ya kitu kinachohesabika na kusafiri, wala si hewa mbaya.

Tatizo ni kwamba somo la biolojia katika shule zetu za upili hufunzwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kujaza kurasa mbili kuhusu wachukuzi wa maradhi, kisha jioni akamkuta babake akipuliza dawa ya ukungu, asijue aseme nini. Mwalimu wa Kiswahili na yule wa kilimo huketi katika chumba kimoja cha walimu. Sioni kinachowazuia kuandaa pamoja insha moja kuhusu miche safi, kung'oa mimea migonjwa na kuzitenga kunde na karakara.

Istilahi nyingi tunazo tayari: kirusi, kidukari, batobato, kupogoa. Pengo lililobaki ni jina la ugonjwa wenyewe. Mimi huuita "ugumu wa matunda", na silipendi sana. Mwalimu aliyesikia jina bora vinywani mwa wakulima wa Embu, Meru au Uasin Gishu na aniandikie kupitia ukurasa huu.