Ogani ya kanisa chumbani mwako, bila kufilisika

Je, msomaji, una mtoto ambaye ibada ikiisha hataki kuondoka kanisani, bali husogea mbele kumtazama mpiga ogani akicheza kwa mikono na miguu? Au pengine ni wewe mwenyewe, mwanafunzi wa muziki, unayetamani kujifunza ala hiyo lakini huna pa kufanyia mazoezi.

Shida hii ni ya kweli. Ogani za mabomba hapa Kenya ni za kuhesabika, mathalani ile ya All Saints Cathedral jijini Nairobi. Hata ukikubaliwa kuigusa ogani ya kanisa fulani, huenda ukapewa saa moja tu kati ya harusi na mazoezi ya kwaya. Kununua yako nako ni ndoto. Bomba la sauti nene katika safu ya futi 16 lina urefu wa karibu mita tano, na dari ya nyumba nyingi za kupanga haifiki mita tatu!

Hata hivyo, usikate tamaa. Shida hii ni ya kale. Katika Ujerumani ya Johann Sebastian Bach (1685-1750), ogani haikulia bila watu wa kukanyaga mivukuto ili kuitia hewa, na watu hao walitaka malipo. Kwa hiyo wanamuziki wengi walijiwekea nyumbani klavikodi yenye pedali. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini mikono na miguu ilijifunza. Siku hizi kompyuta inaweza kukufanyia kazi hiyo hiyo.

Sauti hutoka wapi?

Mafundi huenda kanisani na vinasa sauti wakarekodi bomba moja baada ya jingine, pamoja na mwangwi wa jengo lenyewe. Rekodi hizo huwekwa katika kompyuta. Ukibonyeza kitufe, unasikia bomba lile lile lililorekodiwa, na ukikiachilia unasikia mwangwi wa kanisa ukififia.

Programu iitwayo Hauptwerk inauzwa, lakini kuna nyingine, GrandOrgue, ambayo ni ya bure na hufanya kazi katika Windows, Linux na Mac. Aidha, baadhi ya waliorekodi ogani za Ulaya, kwa mfano ile ya Friesach nchini Austria, wametoa rekodi zao bila malipo.

Basi sauti si ghali. Pesa zako zitaenda kwenye vitu vya kushikwa kwa mikono na kukanyagwa kwa miguu.

Anza na ulicho nacho

Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kwa ogani ndogo. Ogani kubwa zaweza kudai GB 32 au zaidi, kwa hivyo usianze na hizo. Tumia hedifoni nzuri ili jirani wa ghorofa ya chini asije kukugongea mlango usiku.

Angalia pia kama sauti inachelewa. Ukibonyeza kitufe na sauti ikaja baadaye kidogo, vidole vitachanganyikiwa. Dawa yake ni kisanduku cha sauti cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB.

Kisha tafuta vinanda viwili vya vitufe 61, vyenye tundu la MIDI au USB, umweke mmoja juu ya mwenzake kwenye fremu ya mbao. Vya mitumba vinafaa kabisa. Hata kinanda kilichokufa spika ni sawa, kwani unachohitaji ni ujumbe wa vitufe tu. Lakini kabla ya kulipa, bonyeza kila kitufe, cha kwanza hadi cha mwisho.

Miguu ndiyo kazi

Hapa ndipo wengi hukwama. Pedali mpya ni ghali, na anayezikwepa hubaki mpiga kinanda tu. Seremala mwenye subira anaweza kukuchongea, mradi umpe vipimo sahihi.

Kwa kipimo cha Marekani pedali ni 32, na zile ndefu, ambazo ni 19, huachana kwa takriban sentimita 6.4 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Ujerumani hutumia 30. Ulizia kwanza ogani ya kanisa lenu ina pedali ngapi, kisha uipime kwa futi kamba. Usikisie! Mpiga ogani hatazami miguu yake, miguu hukumbuka. Ukiizoeza nafasi isiyo sahihi nyumbani, itakuaibisha mbele ya waumini.

Chini ya kila pedali hufungwa sumaku ndogo na swichi inayoitikia sumaku. Nyaya zote huelekea kwenye kibao kidogo cha umeme kama Arduino Leonardo, ambacho kompyuta hukitambua kama kifaa cha MIDI. Kijana anayesomea umeme chuoni anaweza kuifanya kazi hii wakati wa likizo.

Tahadhari kwa mzazi

Usitumie karo ya shule kwa mradi huu. Mwanzoni nunua kinanda kimoja tu, uweke programu ya bure, halafu tazama. Mtoto akiendelea kufanya mazoezi kila siku kwa miezi sita bila kusukumwa, ongeza cha pili. Pedali zije baadaye.

Usidhani pia kwamba chumba chako kimechukua nafasi ya kanisa. Katika jengo kubwa sauti huchelewa kumrudia mpigaji, na hilo halifunzwi na hedifoni. Omba ruhusa mtoto akae kwenye ogani halisi angalau mara moja kwa mwezi.

Wahenga walisema, mwanzo kokochi mwisho nazi. Kuna Jumapili ambapo mpiga ogani wa kanisa lenu atakuwa mgonjwa, na mchungaji atageuka kuuliza nani anaweza kumshikia nafasi. Wakati huo mtoto wako atatazama chini, au atasimama aelekee mbele. Jibu litategemea alichokuwa akifanya chumbani kwake siku zote hizo.