Kanuni ya Herufi Tatu: Urefu wa Neno na Aina za Maneno katika Tahajia ya Kiingereza

Ikisiri

Tahajia ya Kiingereza aghalabu huelezwa kuwa haina mpangilio. Makala haya yanaonyesha kwamba sehemu moja ya tahajia hiyo, yaani ile ya maneno mafupi, ina kanuni inayoeleweka: neno la kileksika huandikwa kwa herufi zisizopungua tatu. Kanuni hiyo inalinganishwa na sharti la silabi mbili katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba lugha zote mbili huweka kima cha chini cha neno, lakini Kiingereza hukipima kwa herufi ilhali Kiswahili hukipima kwa silabi.

Utangulizi

Mwanafunzi aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea maandishi yanayofuata matamshi kwa karibu sana. Anapokutana na maneno ya Kiingereza “leg” (mguu) na “egg” (yai), hupata swali la msingi. Maneno hayo yana irabu moja na yanaishia kwa konsonanti moja. Kwa nini basi la pili liandikwe kwa “g” mbili? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba akariri. Jibu hilo linaficha utaratibu uliopo.

Kanuni na ushahidi wake

Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alibainisha katika juzuu ya kwanza ya sarufi yake ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1909, kwamba tahajia ya lugha hiyo huepuka maneno ya herufi moja au mbili, isipokuwa machache yanayotumika mara kwa mara, hasa ya kisarufi. Edward Carney naye, katika utafiti wake wa tahajia ya Kiingereza wa mwaka 1994, aliijadili kama kanuni ya neno fupi.

Ushahidi wa wazi zaidi ni jozi za maneno yenye matamshi mamoja yanapotamkwa kwa mkazo. “In” ni kihusishi, “inn” ni nyumba ya wageni. “Be” ni kitenzi cha kuwa, “bee” ni nyuki. “By” ni kihusishi, “buy” ni kununua. “Or” ni kiunganishi, “oar” ni kasia. “I” ni kiwakilishi cha nafsi, “eye” ni jicho. Katika kila jozi, neno la kisarufi ndilo fupi, na la kileksika limefikishwa herufi tatu.

Njia za kufikia idadi hiyo ni chache. Ya kwanza ni kurudufu konsonanti ya mwisho, kama katika “add”, “ebb”, “egg”, “odd” na “inn”. Ya pili ni kuongeza “e” isiyotamkwa, kama katika “awe”, “owe”, “die” na “toe”. Ya tatu ni kuiandika irabu moja kwa herufi mbili, kama katika “sea” na “see”.

Historia inaithibitisha kanuni hii. Huenda ikadaiwa kwamba “ebb” na “egg” zina konsonanti rudufu kwa sababu ya asili yake tu: la kwanza linatokana na “ebba” ya Kiingereza cha Kale, na la pili ni mkopo kutoka Kinorsi cha Kale. Hata hivyo, “bed” ilikuwa “bedd”, “web” ilikuwa “webb”, na “leg” imetokana na “leggr” ya Kinorsi. Maneno hayo yote yaliacha herufi moja kwa kuwa yalibaki na tatu. “Ebb” na “egg” yangebaki na mbili. Kwa hiyo hayakuacha.

Je, ni suala la fonolojia?

Inafahamika kwamba fonolojia ya Kiingereza nayo huweka masharti juu ya maneno ya kileksika: neno la silabi moja haliwezi kuishia kwa irabu fupi yenye mkazo. Sharti hilo halitoshi kueleza data iliyotajwa. Kama “odd” ingeandikwa kwa “d” moja, matamshi yake yasingebadilika na sharti la kifonolojia lingetimizwa. Kinachokosekana ni herufi, si sauti. Kanuni hii, kwa hiyo, ni ya othografia yenyewe.

Kanuni pia ni ya upande mmoja. Inayazuia maneno ya kileksika kuwa mafupi mno, lakini haiyalazimishi maneno ya kisarufi kuwa mafupi. Ndiyo maana “the” na “you” hayaivunji. Hali za kipekee zipo. “Do” na “go” ni vitenzi, lakini cha kwanza hutumika pia kama kitenzi kisaidizi, na cha pili huingia katika miundo ya kuonyesha wakati ujao. “Ox” (maksai) inaishia kwa herufi ambayo Kiingereza hakiirudufu. “Ad” (tangazo) ni ufupisho wa neno refu.

Kima cha chini katika Kiswahili

Kiswahili nacho kinayatenga makundi hayo mawili. Maneno ya kisarufi kama “na”, “ni”, “wa” na “cha” yana silabi moja. Vitenzi vyenye shina la silabi moja, kama -la na -nywa, havisimami hivyo vyenyewe: katika Kiswahili Sanifu amri ni “kula!” na “kunywa!”. Katika “anakula”, ku- hubaki kwa sababu -na- haiwezi kubeba mkazo. Katika “asile” haihitajiki, kwa kuwa -si- inaubeba. Vivyo hivyo, nazali ya “mbwa” ni silabi na hubeba mkazo, ilhali ile ya “mbuzi” si silabi.

Hata hivyo, kipimo ni tofauti. “Oa” na “ua” ni maneno kamili ya kileksika yenye herufi mbili tu, na hakuna anayehisi kwamba yamepungukiwa, kwa kuwa kila moja lina silabi mbili. “Owe” ya Kiingereza ina herufi tatu na silabi moja. Maneno ya mkopo yanaonyesha tofauti hiyo hiyo: “bar” na “tie”, yenye silabi moja moja, yamekuwa “baa” na “tai”, yenye silabi mbili mbili.

Hitimisho

Ulinganishi huu una matokeo mawili. Kinadharia, unaonyesha kwamba maandishi yanaweza kuwa na kanuni zake zinazotenga aina za maneno, bila kuzirithi kutoka katika matamshi. Kiufundishaji, unampa mwalimu wa Kiingereza maelezo mahali pa orodha ya kukariri. Mwanafunzi akishaelewa kwamba “g” ya pili katika “egg” na “e” ya mwisho katika “owe” zinahesabiwa bila kutamkwa, hatazitafutia sauti. Naye anayo tayari lugha inayomsaidia kuelewa, kwa kuwa husema “kula!” kwa sababu inayokaribiana na hiyo.